Mdomo ulitangulia: kisa cha mama wa chapati na protini inayoshikanisha ngozi

Huyu mama anapika chapati na maharagwe upande wa Eastlands, nitaachia hapo nisitaje mtaa, ana miaka 47, watoto watatu, hana kisukari hana presha, na ameniruhusu niandike kisa chake mradi jina lisitokee popote. Mimi ni klinikal ofisa kwa kliniki ndogo ya mtaani, si daktari wa ngozi, na nimeamua kuandika hii yote mwanzo mpaka mwisho juu kila nikiirudia naona jibu lilikuwa pale tangu mwezi wa kwanza, lilikuwa kwa mpangilio wenyewe wa vile ugonjwa ulianza, mdomo kwanza na ngozi baadaye, na sisi wote tuliomshika kabla jibu lipatikane hakuna hata mmoja aliyeuliza mbona mdomo.

Ilianza Februari. Chai ya tangawizi ikaanza kumchoma, akadhani amejiunguza, baada ya siku mbili tatu akaona ndani ya shavu pamechubuka na akipiga mswaki asubuhi anatema damu. Akaenda kemisti akapewa ile dawa ya zambarau ya kupaka, akawa anasukutua na maji ya chumvi, wiki mbili zikaisha na hakuna kilichobadilika. Mwezi wa tatu ufizi nao ukaanza kumenyuka, mtu wa meno akamng'oa gego akisema ndilo linaleta uchafu, na pale palipong'olewa pakakaa wiki na wiki bila kufunga. Aprili ndio akaja kwangu.

Na hapa nitasema ukweli. Nilimulika tochi, nikaona vidonda, nikasema fangasi, nikampa flukonazoli ya siku saba na nikampima HIV, ikatoka hasi, nikamwambia arudi kama haitapoa. Lakini fangasi ya mdomo kawaida inakuwa nyeupe na ukiikwangua inatoka kama maziwa yaliyoganda, na hii ya huyu mama ilikuwa nyekundu tupu, kingo zake zimechanika chanika kama karatasi iliyolowa. Niliona hio tofauti kwa macho yangu na nikaipita, kliniki ilikuwa imejaa, watoto wanakohoa, na mtu mzima mwenye vidonda vya mdomo akili inakimbilia vitu viwili tu.

Hakurudi. Alienda kwingine akapewa asikloviri, dawa ya virusi, mara nyingine akaambiwa ni vidonda vya tumbo vinapanda juu, akapewa dawa za ulsa, alafu kuna mtu akampatia mizizi ya kuchemsha. Alipimwa HIV mara tatu kwa jumla na zote hasi, na bado majirani wakawa na maneno yao, juu alikuwa amekonda kutoka kilo 69 mpaka 58 na midomo imejaa magamba ya damu. Wateja wakaanza kupungua kwa kibanda. Mtu anapiga hesabu yake, huyu anatupikia na mdomo wake uko hivyo. Aliniambia kitu kilichomuuma zaidi si maumivu, ni kuwa miezi mitano alikuwa anapika maharagwe bila kuonja, chumvi anakadiria kwa jicho, yeye mwenyewe anaishi na uji uliopoa na maziwa mala kwa mrija.

Julai ndio malengelenge yakatoka kifuani, mgongoni, na kwa mkono wa kulia. Ya mkono watu wakasema ni mafuta ya chapati yamemrukia, na hata yeye aliamini. Ila mafuta hayawezi kuruka mgongoni. Binti yake akamleta kwangu tena, amejifunga leso peke yake kwa juu maana blauzi ilikuwa inashikana na vidonda na kila akiivua inatoka na ngozi.

Malengelenge yenyewe yalikuwa malegevu, si yale ya kukaza kama puto. Ukiyagusa yanapasuka, yanaacha nyama mbichi. Nikaweka kidole gumba kando ya kidonda kimoja, kwa ngozi iliyoonekana nzima kabisa, nikasukuma polepole, na ngozi ya juu ikateleza ikajikunja kama utando wa maziwa yaliyochemka ukiusukuma na kijiko. Hio ni ishara ambayo daktari Mrusi Nikolsky aliieleza mwaka wa 1896, tuliisoma chuoni kwa mstari mmoja, na mimi sikuwa nimewahi kuiona kwa mtu. Nilimwomba msamaha pale pale, kabla hata ya kumwambia nafikiria nini.

Akaniuliza, "Daktari, ni nini inanitoa ngozi hivi?" Na swali lake ndilo lililonifanya nirudi kusoma vizuri, kwa sababu jibu la kweli si kidudu wala si sumu, ni protini.

Nilimweleza hivi. Chukua seli za ngozi kama majirani wamepanga mstari, wameshikana mikono juu ya ua, na kila mmoja kwa nyuma amejifunga kamba kwenye nguzo ya nyumba yake, ili mtu akivutwa asing'oke peke yake, mvuto unagawanywa kwa mtaa mzima. Ile mikono iliyoshikana ndiyo desmogleini na dada zake desmokolini, wote ni wa ukoo wa kadherini, protini za kushikanisha seli ambazo bila kalsiamu hazishiki. Kamba ni protini nyingine za ndani, plakoglobini na desmoplakini, na nguzo ni nyuzi za keratini. Pale mahali mikono inakutana panaitwa desmosomu, na seli moja ya ngozi ina nyingi sana, ndio maana unaweza kubeba mzigo begani, kusugua mgongo na jiwe, kukandwa kwa matatu, na ngozi isitoke.

Binadamu ana desmogleini nne, na jeni zake zote zimekaa pamoja kwenye kromosomu ya 18. Kwa kisa hiki tunazihitaji mbili tu, ya 1 na ya 3.

Sasa hapa ndio moyo wa jambo lote, na naomba usiruke. Ngozi ni kama ghorofa. Desmogleini 3 inalinda zaidi floo za chini. Desmogleini 1 iko floo zote lakini nguvu yake kubwa iko juu. Kwa hivyo kwa ngozi, kuna mahali moja ikipigwa nyingine inashikilia. Mdomo haujajengwa hivyo. Ndani ya shavu na kwa ufizi, desmogleini 3 ndiyo inabeba kazi karibu yote kuanzia chini mpaka juu, desmogleini 1 ni kidogo sana. Kwa hivyo kinga ya mwili ikikosea ikatengeneza kingamwili, zile protini za kinga za kushika adui, dhidi ya desmogleini 3 peke yake, ngozi inavumilia, juu 1 iko pale inasaidia, lakini mdomo hauna wa kuusaidia, unaachana. Mtu anaanza na vidonda vya mdomo tu, ngozi safi kabisa, hata miezi. Alafu kinga ikiendelea kukosea ikaongeza kingamwili dhidi ya desmogleini 1 pia, sasa ngozi nayo haina mlinzi wa akiba, malengelenge yanatoka. Februari mpaka Julai ya huyu mama ni hio hadithi neno kwa neno.

Ugonjwa unaitwa pemfigasi vulgarisi.

Ukitaka kuthibitisha kuwa si maneno matupu, angalia upande wa pili. Kuna watoto wanaletwa ngozi imebabuka mwili mzima kama wamemwagiwa maji moto, na shida ni bakteria wa stafilokoki anayetoa sumu inayokata desmogleini 1, hio tu, haigusi ya 3, watafiti walilionyesha hilo mwaka wa 2000. Na wale watoto mdomo wao ndani hauna vidonda. Tena kuna pemfigasi ya aina nyingine, foliasia, ambayo Brazil iko hadi vijijini inaitwa fogo selvagem, moto wa mwituni, kingamwili zao zinapiga desmogleini 1 peke yake na hao pia mdomo unabaki mzima. Mimi hii ilinikaa sana. Yaani mtu mwenye tochi na dakika mbili, akiangalia mdomo na akauliza kilichotangulia, tayari ameshakaribia kujua protini gani inapigwa, kabla damu haijaenda maabara.

Kufika hapo kulichukua watu muda mrefu. Zamani magonjwa ya malengelenge yalikuwa yanachanganywa pamoja mpaka Walter Lever mwaka wa 1953 akatenganisha pemfigasi na pemfigoidi kwa kuangalia mpasuko uko wapi: pemfigasi seli zinaachana zenyewe kwa zenyewe, pemfigoidi tabaka zima la juu linang'oka kutoka kwa lile la chini, na ndio maana malengelenge ya pemfigoidi yanakuwa magumu yamekaza, yana paa nene. Mwaka wa 1964 Beutner na Jordon wakaonyesha damu ya wagonjwa ina kingamwili zinazoshika katikati ya seli. Mwaka wa 1982 watafiti wakachukua hizo kingamwili wakazidunga panya wachanga, na panya wakatoka malengelenge, kwa hivyo haikuwa tena kusema zimepatikana karibu na tukio, ndizo zilizofanya. Alafu 1991 Amagai na Stanley na wenzao wakaipata protini yenyewe, wakaona ni ya ukoo wa kadherini. Mwaka wa 1997 wengine wakatengeneza panya wasio na desmogleini 3 kabisa, na hao panya walipata vidonda vya mdomo na manyoya yakawatoka. Mdomo tena.

Rudi kwa mama. Nilimpeleka hospitali kubwa, kliniki ya ngozi, na barua niliyoandika mwenyewe nikapigia mstari neno mdomo na mwezi wa Februari. Kule daktari wa ngozi alimwangalia dakika tano akasema tunakata vinyama viwili. Na hapa kukatokea kosa ambalo nataka kila mtu anayetuma sampuli alijue. Kinyama cha kwanza kinatolewa kwenye ukingo wa lengelenge jipya kinawekwa kwa fomalini, ile dawa ya kuhifadhi nyama isioze, hicho ni cha kuangalia kwa hadubini ya kawaida. Cha pili kinatolewa kwa ngozi nzima iliyo kando, na hicho hakifai kuguswa na fomalini kabisa, juu kinatafutwa kingamwili zilizokwama katikati ya seli, na fomalini inaharibu uwezo wa kuziona vizuri. Vyote viwili viliwekwa kwa fomalini. Sitasema wapi. Mama alirudishwa kukatwa tena baada ya siku tisa, nauli tena, kidonda kingine tena kwa mtu ambaye vidonda vyake havifungi, na hizo siku tisa malengelenge yaliendelea kushuka mpaka kiunoni.

Majibu yalipotoka yalikuwa vile vitabu vinasema. Kwa hadubini, mpasuko uko juu tu ya safu ya mwisho ya chini, na ile safu ya chini imebaki imesimama yenyewe, seli moja moja, kama mawe ya makaburini yamepangwa mstari. Zimebaki kwa sababu kinachozishikilia kwa sakafu si desmogleini, ni protini nyingine ambazo hazikuguswa. Kinyama cha pili, kile cha marudio, kilionyesha kingamwili zimezunguka kila seli, picha nzima inafanana na waya wa banda la kuku. Na damu ilipimwa kwa Elisa, kipimo cha kuhesabu kingamwili, zile za desmogleini 3 zikasoma juu sana, za desmogleini 1 zikasoma 64, na kwa kipimo walichotumia 20 kwenda juu ni chanya. Zote mbili, sawa na mtu aliyefika Julai. Natamani tungekuwa na damu yake ya Aprili, naamini ingekuwa na ya 3 peke yake.

Binti aliuliza kama ataambukizwa na kama ni ya ukoo. Haiambukizi, hata kidogo, unaweza kula sahani moja naye. Ya ukoo, kuna aina za jeni za kinga zinazoongeza hatari, kama ile inaitwa HLA-DRB1*04:02 ambayo inapatikana sana kwa Wayahudi wa asili ya Ashkenazi, lakini kuwa nayo si kuwa mgonjwa na familia nyingi zina mtu mmoja tu. Kuna dawa pia zinazoweza kuichochea, penisilamini ndio inatajwa sana, na dawa za presha kama kaptoprili, kwa hivyo tulipitia kila tembe aliyowahi kumeza na hatukupata ya kulaumu. Ile mizizi hatukuijua ni ya nini, na ilikuja baada ya vidonda, kwa hivyo haikuwa chanzo.

Matibabu. Kabla steroidi, dawa za kutuliza kinga, ziingie miaka ya 1950 wengi wenye huu ugonjwa walikufa, mwili unapoteza maji na protini kupitia vidonda kama mtu aliyeungua, alafu bakteria wanaingia. Kwa hivyo prednisoloni, ambayo ni steroidi, si ya kuogopa, ni ya kuheshimu. Alianzishwa miligramu 60 kwa siku, karibu moja kwa kila kilo, na kwa tembe za miligramu 5 hizo ni 12 kila asubuhi, ambazo ukimtolea mtu mezani anakuangalia mara mbili. Kabla ya kuanza alipigwa eksirei ya kifua kutafuta TB, akapimwa homa ya ini ya B, akapewa dawa ya minyoo, juu kuna mnyoo wa strongiloidi anayekaa kimya kwa mtu miaka na ukimpa steroidi nyingi anasambaa mwili mzima anaua. Hio hatua ya minyoo hapa kwetu mimi siwezi kuiacha. Akapewa kalsiamu na vitamini D za mifupa. Wiki ya tatu sukari ikapanda mpaka 14, akaongezewa metfomini.

Wiki ya pili malengelenge mapya yalikoma. Wiki ya sita mgongo ulikuwa umekauka, umebaki madoa meusi ambayo yatakaa lakini si makovu, juu mpasuko uko juu sana kuacha kovu. Alafu wiki ya saba akaacha dawa. Uso ulikuwa umevimba na kuwa mviringo, watu kwa kibanda wanamwambia umenona mama, sasa unakaa poa, na yeye kwa kioo hajijui, isitoshe usiku halali. Akaona ngozi imepona, akaziweka kando zote siku moja. Siku ya nne alikuja kwangu ameshikwa mkono na binti, anatapika, presha 84 kwa 50, maana mwili uliozoea steroidi nyingi unakuwa umeacha kutengeneza zake na ukikatiza ghafla hauna kitu. Tulimwekea dripu na haidrokotisoni na tukamkimbiza. Alipona hio, lakini mdomo ulikuwa umefunguka tena. Si kusema alikuwa mkaidi. Hakuna aliyekaa naye akamwambia kwa Kiswahili chepesi kuwa hizi tembe zinapunguzwa ngazi kwa ngazi, haziachwi. Mimi nilidhani hospitali wamemwambia, hospitali labda walidhani mimi.

Akarudishwa kwa prednisoloni na akaongezewa azathioprini, dawa nyingine ya kutuliza kinga, damu ikipimwa kila wiki mbili kuangalia seli nyeupe na ini. Lakini mdomo ulikataa kufunga, na kila wakishusha chini ya miligramu 30 unafunguka. Ndipo wakazungumzia rituksimabu, dawa ya dripu inayoondoa seli za B, zile za kinga ambazo zinakuja kuwa kiwanda cha kingamwili. Ufaransa walijaribu kwa wagonjwa 90, matokeo yakatoka 2017, baada ya miaka miwili waliopewa rituksimabu pamoja na steroidi za muda mfupi 89 kwa mia walikuwa wamepoa bila dawa yoyote, na waliopewa steroidi peke yake 34 kwa mia. Marekani waliiidhinisha kwa ugonjwa huu mwaka uliofuata. Ni tofauti kubwa sana na ndio maana inaniuma kuwa kwa watu wetu inakuja mwisho, ikiwa tayari mtu ameshapata kisukari na mifupa imeanza kuliwa na steroidi. Ni bei. Chama chake cha akina mama kikachanga, kanisa likafanya harambee Jumapili mbili, na mwezi wa kumi akapata dozi mbili za gramu moja moja, wiki mbili katikati.

Sasa ni Machi. Prednisoloni imeshuka mpaka tembe moja na nusu, azathioprini imesimamishwa, sukari imerudi na metfomini imeondolewa, kilo ni 66. Desmogleini 1 kwa Elisa imeshuka chini ya 20, desmogleini 3 bado ni chanya ingawa imepungua sana. Kibanda kimefunguliwa tangu Januari, maharagwe anaonja mwenyewe. Jumanne iliyopita nilimulika tochi kama kawaida, shavu la kushoto limefunga, la kulia limefunga, ila kwa ufizi wa chini, nyuma ya pale palipong'olewa gego, kuna kipande kama punje ya hindi bado chekundu na anasema chai ya tangawizi inapashika. Nimempigia daktari wa ngozi, amesema tembe zisishushwe tena kwanza, na tutamwona wiki mbili kutoka sasa.